Upepo wa Kukisia

Mzee Upepo alirudishwa nyumbani kutoka hospitali kwa sababu ya vijiko viwili vya asali.

Mwenyewe hakuliona kosa lake. Alikuwa ameshalazwa kitandani, gauni la kijani limefungwa kamba mgongoni, ndipo nesi alipomuuliza kama kuna chochote alichotia mdomoni tangu alfajiri. Akajibu kwa kujiamini kwamba hajala kitu, ila asali tu, vijiko viwili, ya kulainisha koo ili ule mpira wa kupumulia ukipita usimchubue. Nesi akaweka kalamu chini. Haukupita muda akaja mwingine, akamwambia avae nguo zake, atapangiwa siku nyingine, maana mtu akilazwa usingizi na tumbo lina kitu, kile kitu hupanda na kumwingia mapafuni.

"Asali si chakula," alisema Mzee Upepo. "Asali ni dawa."

"Ni dawa ukiwa macho, baba," nesi akamjibu.

Binti yake, mshonaji, aliyeomba ruhusa kazini ili amsindikize, alitangulia mbele njiani. Alisubiri mpaka walipofika nyumbani, akaruka lile tairi la lori lililolala mbele ya mlango, akamgeukia baba yake na kumuuliza kwa sauti ya juu, maana bila sauti ya juu baba hasikii, ni nani aliyemwambia habari ya asali.

Mzee Upepo akataja watu wanne kwa mpigo. Muuza dawa alimpa vidonge vya kumumunya. Jirani alisema asukutue maji ya chumvi. Shemeji yake alisema asali. Na mteja mmoja, aliyewahi kupasuliwa goti, alimwambia anyamaze siku tatu ili apumzishe koo, naye akanyamaza kweli, nusu siku, mpaka mtu mmoja alipokanyaga kopo lake la gundi. Na hao ni watu wa mtaani. Wa hospitali ndio waliomvuruga zaidi. Mmoja alisema asinywe kitu tangu alipokula chakula cha jioni. Mwingine akasema maji meupe anaweza kunywa mpaka zikibaki saa mbili apasuliwe. Karatasi waliyompa ilikuwa na maandishi madogo kama sisimizi, na yeye shule aliiacha darasa la tatu. Sasa mtu ashike lipi?

"Ungeniuliza mimi," binti alisema.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi najua kusoma, baba."

Mzee Upepo akainama kuvua viatu. 

Mzee Upepo alikuwa fundi wa pancha, mwaka wa thelathini na moja huo, pembeni mwa barabara ile ile, na kompresa ile ile iliyomla masikio kidogo kidogo mpaka wateja wakazoea kumpigia kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa pia mgane. Na ugane wake na koo lake vilikuwa kitu kimoja, ndiyo maana asali ile haikuwa mchezo.

Miaka miwili nyuma mkewe alipasuliwa uvimbe tumboni katika hospitali hiyo hiyo. Upasuaji ukaenda salama, ndivyo walivyosema, lakini mama akaamka hana sauti. Alikuwa mwanamke wa kuita mtu kutoka mtaa wa tatu, leo anatoa pumzi tu, kama tairi lenye tundu la pini. Wakaambiwa ni mpira uliopita kooni, jambo la kawaida, siku tatu litakuwa limepoa. Siku ya tatu asubuhi bonge la damu lililoganda mguuni likapanda mapafuni, akafa. Koo halikuhusika. Daktari alimweleza hivyo mara mbili, mara ya pili kwa ukali.

Lakini Mzee Upepo alikuwa na lake. Jioni ya siku ya pili mkewe alimshika mkono akazungumza naye. Alizungumza kwa muda, macho kayakaza, midomo inakwenda, na yeye hakuambulia hata neno moja. Akawa anaitikia kwa kichwa, ili mama wa watu asijichoshe. Mwishowe mabega ya mkewe yakaanza kutikisika na machozi yakamtoka. Mzee Upepo akajua ni maumivu, akatoka mbio kwenda kuwafokea manesi. Aliwafokea wote, hata mfagiaji. Aliporudi, mkewe kasinzia, na hawakuzungumza tena.

Tangu hapo alikuwa na kesi kichwani, na kila mwezi aliisikiliza upya. Mke wake alikuwa na neno kubwa la kusema. Pengine alikuwa anataja aliyemuumiza. Pengine ni wosia. Na wakubwa wa hospitali, kwa mpira wao, walimfunga mdomo. Sasa yeye naye kapatikana na mawe kwenye mfuko wa nyongo, naye atasukumiwa mpira ule ule. Kisu hakukiogopa. Aliogopa kuamka hana sauti, kisha afe siku ya tatu na maneno yake tumboni, binti amekaa pembeni anaitikia kwa kichwa.

Alipangiwa upya baada ya wiki mbili. Safari hii aliingia wodini siku moja kabla, binti akaichukua ile karatasi na kuikunja ndani ya pochi yake, ili asiwepo mtu wa kuitafsiri ila yeye.

Saa nne asubuhi akaja mtaalamu wa usingizi, mwanamke mnene wa wastani mwenye kovu juu ya nyusi, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Usingizi. Mzee Upepo alimtambua kwa lile kovu. Ndiye aliyemsukuma mkewe kwenye kitanda cha magurudumu. Mama Usingizi yeye hakumtambua mtu. Alimwambia afungue mdomo, akamtazama meno, akamwinua kidevu, akamuuliza kama kuna jino linalocheza.

"Meno yangu yako imara," alisema Mzee Upepo. "Nataka kuuona huo mpira."

Mama Usingizi akamtazama binti, binti akatazama dari. Basi yule mama akaenda, akarudi na mpira mmoja uliokwisha muda wake, waliokuwa wakifundishia wanafunzi. Ulikuwa bomba laini la plastiki, limepinda kidogo, urefu wa shubiri moja na nusu. Karibu na ncha ya chini palikuwa na puto jembamba, na kutoka kwenye puto ulitoka mrija mwembamba uliopanda hadi nje, mwishoni una kifuko kidogo kama punje ya zabibu. Mama Usingizi akavuta hewa kwa bomba la sindano, akaisukuma, na lile puto la ncha likavimba. Akaeleza polepole, kwa sauti ya juu, na kwa kweli alieleza vizuri. Puto linaziba njia ili hewa ya mashine isivuje na mate yasishuke mapafuni. Mpira ukiwa mnene kuliko njia, unakwaruza. Ukiingizwa kwa kurudia rudia, unachubua. Na puto likijazwa kupita kiasi linabana nyama ya ndani mpaka damu haipiti, na hapo ndipo mtu anaamka koo linawaka na sauti imekauka.

Mzee Upepo alisikia kila neno. Hii ilikuwa lugha yake. Tyubu ndani ya tairi, upepo ukizidi balaa, ukipungua balaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili mtu wa hospitali alikuwa amesema kitu kilichoingia akilini.

"Na unajuaje umetosha?" akauliza.

Mama Usingizi akakishika kile kifuko cha nje kwa kidole gumba na cha shahada, akakibonyeza. "Nahisi hapa. Kikiwa laini kiasi, basi."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole, baba. Wengi tunafanya hivyo."

Mzee Upepo akawageukia wagonjwa wa vitanda vya jirani, mmoja mmoja, kama anayetafuta mashahidi. "Dada yangu," akasema, "mimi najaza upepo magurudumu ya toroli. Toroli la kubebea mchanga. Na sijazi kwa kidole. Wewe unamjaza binadamu?"

Binti akakohoa. "Baba, geji yako ya kupimia upepo ilikufa lini?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani."

"Ilikufa mwaka jana, anagonga tairi kwa spana," binti akamwambia Mama Usingizi. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyeshonwa ngiri juzi, akashika tumbo lake akiomba wasimchekeshe.

Lakini Mzee Upepo hakucheka. Aliuliza kama dunia hii haina geji ya kupimia kitu kama hicho. Mama Usingizi akasita. Akasema ipo. Ililetwa moja miezi minne iliyopita, kabla ya hapo hospitali haikuwahi kuwa nayo. Ameiomba mara tatu. Imo kwenye kabati la nesi mkuu, kwa sababu vitu vidogo vidogo hupotea, na nesi mkuu ndiye anayeulizwa vikipotea.

Hapo Mzee Upepo alipata kile alichokuwa akikitafuta muda wote: kabati, ufunguo na mkubwa. Akaikunja fomu ya kukubali kupasuliwa, akailalia. Hasaini. Atasaini siku atakapoiona hiyo geji kwa macho yake. Wakaja kumbembeleza nesi wa kwanza na wa pili, akaja na daktari kijana aliyemwambia kwamba mawe yale yakiziba mrija atalia kama mtoto. Mzee Upepo alijibu kwamba analia tayari, na afadhali analia akiwa na sauti.

Mwisho akaja nesi mkuu mwenyewe, funguo zinalia kiunoni. Akauliza ni mzee gani huyu anayeendesha hospitali akiwa amelala.

"Ninyi mna ufunguo, mama, mimi nina kalamu," alisema Mzee Upepo. "Tuone nani atachoka."

"Na mkiivunja nitajibu nini?"

"Nami nikifa bubu binti yangu atajibu nini?"

Nesi mkuu akaondoka kwa hatua nzito. Watu wakadhani ndiyo basi. Akarudi na kiboksi ambacho nailoni yake haijafunguliwa. Ndani mlikuwa na kitu cha duara, kioo na mshale, na kipira cha kuminya kwa mkono. Mzee Upepo alikipokea kwa mikono miwili. Geji ni geji. Kwenye kioo palikuwa na eneo la kijani, kuanzia ishirini hadi thelathini, na baada ya hapo ni nyekundu.

Mama Usingizi akachukua gamba la bomba kubwa la sindano, akaliingiza puto humo ndani, akasema tuseme hili ndilo koo. Akajaza hewa kama anavyojaza kila siku. Akabonyeza kile kifuko, akafikiri, akaongeza kidogo, akabonyeza tena. "Hapo," akasema. "Hapo ni ishirini na tano."

Wakaunga geji. Mshale ukapita kijani bila kusimama, ukaenda kutulia kwenye themanini.

 Mama Usingizi aliutazama ule mshale, akatoa geji, akaunga tena. Themanini. Akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuomba ruhusa.

Mzee Upepo angepaswa kufurahi. Ndiyo siku aliyoisubiri. Badala yake akanyoosha mkono, akasema lete, nikuoneshe mkono uliozoea upepo. Akajaza. Akafumba macho, akabonyeza kifuko kwa kidole chake chenye sugu, kidole cha miaka thelathini na moja, akapunguza, akaongeza kama nukta. "Ishirini na tano kamili," akasema.

Mshale ukaenda mia moja na kumi.

"Nyani haoni kundule, mzee," alisema nesi mkuu, na safari hii wa ngiri alishindwa kujizuia, akacheka huku akilia.

Mzee Upepo akakirudisha kile kitu taratibu. Kichwa chake kilikuwa kimechanganyikiwa kuliko siku ya asali. Kama kidole chake kinadanganya, na cha huyu mama kinadanganya, na wote wawili walifanya kazi miaka yote kwa nia njema, basi ile kesi amshitaki nani? Nesi mkuu aliificha geji, ni kweli, lakini miezi minne tu. Mkewe kafa miaka miwili nyuma. Siku ile kabatini hamkuwa na kitu.

"Ulimlaza mke wangu," akamwambia Mama Usingizi. Akataja mwaka, akataja mwezi, akataja uvimbe. "Aliamka hana sauti."

Mama Usingizi akaiweka geji mapajani. "Nalaza watu sita kwa siku, baba. Simkumbuki. Nisamehe."

"Ulimjaza ngapi?"

"Sijui. Sikuwa na cha kupimia. Pengine kama hivi." Akaonesha geji. "Pengine vizuri. Sijui."

Mzee Upepo alikuwa tayari kwa uongo. Uongo angeujibu, alikuwa na majibu ya miaka miwili. Hilo la sijui lilimkuta mikono mitupu. Akaitoa fomu chini ya mgongo, akainyoosha, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zinazopishana urefu. Aliomba kitu kimoja tu, namba ya geji iandikwe. Mama Usingizi akasema ataiandika kwenye plasta, ataibandika mkononi mwake, hata akiamka asimwamini mtu ataiona.

Siku ya pili asubuhi wakampa kikombe cha dawa ya kusukutua, ya kulinda koo, akaambiwa asukutue ateme, asimeze hata tone. Nesi akainama kulitazama koromeo lake kama anayelinda geti. Akatema. Akaulizwa kuhusu asali. Akasema binti yake kaificha. Kisha taa za dari zikaanza kupita juu yake moja moja, akamwona Mama Usingizi amevaa kofia, na mkononi kashika lile duara lenye mshale. Akamwambia afikirie jambo zuri. Mzee Upepo alikuwa bado anatafuta la kufikiria.

Alipoamka alidhani yuko kazini na mtu kawasha kompresa. Ilikuwa mashine ya jirani. Hakujua ni asubuhi au jioni, wala nani kamvua viatu. Tumbo liliuma pembeni. Akameza mate. Koo liliwasha, si sana, kama lililopitishwa msasa laini, lakini liliwasha. Akajaribu kusema. Ikatoka sauti ya mtu mwingine, nyembamba, yenye mikwaruzo.

Hofu ikampanda mpaka masikioni. Akainua mkono. Plasta ilikuwapo. Imeandikwa kwa wino wa bluu: 24.

Mama Usingizi alikuja kumtazama, kofia bado kichwani. Akamweleza kwa sauti ya juu: mpira mwembamba, umeingia kwa mara moja, puto ishirini na nne mwanzo hadi mwisho, kapima kila baada ya muda. Mkwaruzo huo kesho utakuwa umekwisha. Hakuna anayeweza kumwahidi mtu kwamba hatahisi chochote.

Mzee Upepo hakuelewa. Kila kitu kimefanywa sawa na bado linawasha. Alizoea kwamba panapouma pana mkosaji. Akatazama plasta, akamtazama mama yule, akakosa hata mtu wa kumnunia.

Alipohamishiwa wodini binti akavuta kiti. Mzee Upepo akamwashiria asogee, akamwambia kitu kwa ile sauti ya mikwaruzo. Binti akaitikia kwa kichwa.

Mzee Upepo akamkamata mkono. Kuitikia huko alikufahamu. Alikuwa bingwa wake.

"Nimesema nini?" akamuuliza.

Binti akamtazama usoni, kama amesikia mtu mwingine akiongea mle ndani. Akasema, "Umesema maji. Umesema pia niende kazini, wasinifukuze kwa ajili yako." Kisha akaongeza, "Mama naye alikuuliza hivyo hivyo."

"Lini?"

"Ile jioni. Nilikuwa nimekaa pale miguuni."

Mzee Upepo akajaribu kuinuka, tumbo likamrudisha. Binti akasogeza mdomo karibu na sikio lake la kulia, ambalo lina nafuu. Akasema mama alikuwa akilalamika kuhusu lile tairi la mlangoni. Kwamba akirudi nyumbani na mshono tumboni hawezi kuliruka, kwamba amekuambia uliondoe tangu halijaota nyasi, na akilikuta bado lipo, utalala nalo nje. Wewe ukawa unaitikia. Akakuuliza, unanisikia? Ukaitikia. Akakuuliza, haya, nimesema nini? Ukaitikia tena.

"Akafanyaje?"

"Akacheka, baba. Alicheka mpaka machozi. Ukatoka mbio kwenda kugombana na watu, naye akazidi kucheka."

"Alikuwa analia kwa maumivu."

"Alikuwa anacheka."

"Mbona hukuniambia?"

"Si uliitikia," binti alisema. "Nilijua umesikia, unafanya makusudi kumchekesha. Nikajua ndiyo maana tairi huliondoi, ni kumbukumbu yako."

Mzee Upepo akalaza kichwa. Miaka miwili alikuwa ameyabeba yale mabega yanayotikisika, kayajengea kesi, kayatafutia washitakiwa. Kumbe kicheko. Hakujua kama anapaswa kufurahi. Hakujua hasira ile yote sasa aipeleke wapi, maana ilikuwa nyingi, na nyingine ilikuwa halali: sauti ya mkewe ilipotea kweli, na kabati lilifungwa kweli. Lakini masikio nayo yalikuwa yake mwenyewe, na hayo hayakufungwa na mkubwa yeyote. Akalala anaijaribu kesi hii na hii, hakuna iliyokaa.

Kesho yake koo lilikuwa limetulia na sauti imerudi, akaitumia kumuuliza nesi mkuu geji iko wapi. Nesi mkuu akamjibu bila kugeuka kwamba iko tiyeta, kwenye chumba cha upasuaji, na kwamba ikipotea atamfuata yeye kwenye gereji yake ya barabarani. Mzee Upepo akasema sawa, lakini apige kelele akifika, kompresa inanguruma.

Siku ya nne akaruhusiwa. Binti alimkataza kunyanyua kitu chochote kizito kwa wiki sita, karatasi imesema, na karatasi anayo yeye. Mzee Upepo akaitikia kwa kichwa. Nyumbani, binti alipoingia ndani kuwasha jiko, yeye akabaki nje, akalitazama tairi. Nyasi zilikuwa zimeota katikati kweli. Hakulinyanyua. Alilisukuma kwa mguu, polepole, likaburuzika kidogo kidogo mpaka mlangoni pakawa wazi, halafu akasimama nalo katikati ya uwanja, mkono tumboni, hajui alipeleke upande gani.

"Baba, nimesema nini?" binti akaita kutoka ndani.

"Sijasikia," alisema Mzee Upepo. "Rudia."